Kidirisha Kilichozibwa kwa Ubao

Mjomba alikuwa ameshatoka nje na kasia lake. Alilibeba begani, ubao mpana ukitangulia na mpini mrefu ukifuata nyuma, na mpini huo ukakwaruza kizingiti cha juu cha mlango kama ulivyokikwaruza kila siku. Siku nyingine angecheka na kukilaumu kizingiti kwa ufupi wake. Asubuhi hiyo hakucheka.

Nje lilisimama lori la unga. Utingo alikuwa ameanza kushusha magunia, na dereva alikuwa ameketi kwenye ngazi ya lori akitafuna kijiti.

"Hilo kasia nalo linasafiri?" dereva aliuliza.

"Linakwenda ninakokwenda mimi."

"Mimi najua makasia hukaa majini."

"Hili ni la motoni," Mjomba alisema. Akaliegemeza ubavuni mwa lori.

"Haya. Magunia yakiisha kushuka, naondoka. Simsubiri mtu anayeaga. Watu wakianza kuagana hata jua hutua."

"Sina wa kumuaga," Mjomba alijibu, akarudi ndani kufunga mizigo yake.

Maneno hayo aliyasikia msichana aliyekuwa amesimama kando ya mlango na kikapu cha mikate mkononi. Alikuwa mpwa wake. Nyumbani walimwita Chiriku, jina alilopewa na huyohuyo Mjomba, kwa kuwa tangu alipojua kusema hakuwahi kunyamaza. Sasa alikuwa kimya.

Ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi Chiriku alikuwa na kazi moja: kupeleka mikate kwa wateja wa mtaani. Nyumba yao ilikuwa na vyumba vya kulala upande mmoja na vyumba vya kazi upande mwingine. Chumba cha kazi cha mbele kilikuwa cha Mama: meza ndefu iliyokuwa nyeupe kwa unga, mabeseni ya kukandia, na hamira ndani ya kopo. Cha nyuma kilikuwa cha Mjomba, kaka yake Mama: tanuri la matofali, rundo la kuni, na lile kasia la kuingizia mikate motoni na kuitolea. Kati ya vyumba hivyo, ukutani, kulikuwa na kidirisha kisicho na kioo. Trei za mikate mibichi zilipita hapo, na mazungumzo pia.

"Kaka, hii imeumuka mno, ipokee haraka."

"Lete. Na upunguze kuimba, mikate inaniambia imechoka."

Ndivyo walivyofanya kazi tangu babu yake Chiriku alipowaachia tanuri. Kisha zikaja mvua. Kwanza mikate ilitoka mikavu na migumu. Baadaye ikatoka mibichi ndani. Halafu ikawa myeusi nje na mibichi ndani, balaa juu ya balaa. Siku moja wateja walipolalamika, Mama alisema kwa sauti, ili Mjomba asikie kule nyuma, "Mtusamehe jamani. Siku hizi kaka yangu anachoma mkaa, mikate ameisahau." Wateja walicheka. Asubuhi iliyofuata walikuta kidirisha kimezibwa kwa ubao, umepigiliwa misumari kutoka upande wa tanuri.

Tangu hapo trei zilizungushwa kupitia uani, na aliyezizungusha ni Chiriku, kabla ya shule na baada ya shule. Maneno nayo aliyazungusha yeye.

"Mwambie huyo bwana mikate siyo kuni," Mama alisema.

Chiriku alifika kwa Mjomba, akasema, "Mama anaomba upunguze moto kidogo, tafadhali."

"Mwambie aniletee mikate, asiniletee uji. Moto wangu haupungui."

Chiriku alirudi kwa Mama, akasema, "Mjomba amekubali. Atapunguza." Na safari iliyofuata akamwambia Mjomba, "Mama naye amesema atapunguza maji."

Hakuna aliyemtuma kusema hivyo. Aliona akiyatia maneno yao sukari, nao watakuwa watamu. Lakini mkate haudanganyiki. Uliendelea kutoka mweusi nje na mbichi ndani, na sasa Mama alisema, "Kumbe kaka yangu amekuwa mwongo. Anaahidi kupunguza moto, halafu anaongeza." Mjomba naye, "Mtu anakubali kwa mdomo halafu anafanya yaleyale. Hiyo ni dharau." Jana yake alitangaza kwamba amepata kazi kwenye tanuri la mji mwingine, na ataondoka na lori la unga.

Chiriku alijua lile neno "mwongo" lilipaswa kumwangukia nani. Kila alipojaribu kulisema, alinyanyua trei nyingine akaondoka.

Aliangalia magunia. Lori bado lilikuwa limejaa hadi nusu. Akainua kikapu, akakimbia.

Mteja wa kwanza alikuwa Bibi Kengele. Zamani alifanya kazi katika kiwanda cha nguo, akipiga kengele ya zamu, na jina likamganda. Lakini watu walimkumbuka zaidi kwa jambo jingine: wafanyakazi walipogombana wao kwa wao, au na wasimamizi wao, yeye ndiye aliyechaguliwa na pande zote kuwasuluhisha.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo umeniletea mkate au tofali?" Aliukata mkate kwa kisu, akatazama ganda jeusi na ute uliokuwa katikati. Hakutania tena. "Kwenu kuna nini?"

Swali hilo lilitosha. Chiriku aliyamwaga yote: ubao, uji, mkaa, lori. Yake mwenyewe aliyasema mwisho, kwa sauti ndogo, akiangalia sakafu. Bibi Kengele alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, Chiriku alimshika mkono. "Twende, Bibi. Ukawaambie wapatane. Magunia yanakwisha."

"Siendi."

Chiriku aliuachia mkono wake.

"Siendi kwa watu ambao hawajaniita," Bibi Kengele aliendelea. "Msuluhishi siyo polisi. Nenda kawaulize, kila mmoja peke yake, kama yuko tayari kuketi na mwenzake mimi nikiwepo. Wakikubali wote, uje mbio. Mmoja akikataa, basi. Na Chiriku, safari hii usitie sukari."

Njiani alikimbia mpaka ubavu ukamchoma. Mama alikuwa mezani akisugua mahali palipokuwa safi tayari.

"Mama, Bibi Kengele anauliza kama uko tayari kuketi na Mjomba, na yeye akiwepo."

"Mjomba wako amesemaje?"

"Sijamuuliza bado."

Mama alisugua, akasimama, akasugua tena. "Nitaketi. Lakini mwambie simbembelezi mtu."

Chiriku alizunguka uani. Tanuri halikuwa limetiwa kuni tangu alfajiri, na makaa yalianza kuvaa majivu. Mjomba alikuwa amepiga goti, akifunga begi kwa kamba.

"Mjomba, Bibi Kengele anauliza kama uko tayari kuketi na Mama, na yeye akiwepo. Mama amekubali. Amesema habembelezi mtu."

Mjomba aliinua kichwa. "Amesema hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Leo umeniletea maneno na miba yake." Alikaza kamba. "Mwambie Bibi nashukuru. Lori haliningoji."

Hapo zamani, yaani juzi tu, Chiriku angerudi na jibu zuri alilolipika mwenyewe. Alisimama. Nje alisikia gunia likitua chini, puu, na jingine likifuata.

"Mjomba, kuna jingine. Hili halijatoka kwa Mama, ni langu. Kuna maneno yenu niliyabadilisha njiani."

Mikono ya Mjomba ilitulia juu ya kamba. "Yapi?"

"Nitayasema mkiwa wote wawili. Nikikuambia wewe peke yako nitakuwa nimeyabeba tena."

Mjomba alimtazama kwa muda, kisha akatazama tanuri. "Haya," alisema. "Mpaka magunia yaishe. Gunia la mwisho likishuka, nanyanyuka."

Chiriku alikwenda mbio kumleta Bibi Kengele, naye hakutaka kuketi chumba cha Mama wala cha Mjomba. Alichagua ujia wa kutokea uani, mahali ambapo hapakuwa pa mtu, wakageuza kreti za mikate na kuzikalia. Chiriku aliketi chini mlangoni, ambako angeweza kuona lori.

"Mimi sikuja kuamua," Bibi alisema. "Nikiamua, mmoja atashinda na mwingine atapanda lori. Masharti ni haya. Anayesema asikatizwe. Akimaliza, mwenzake arudie alichosikia, mpaka mwenyewe aseme ndicho. Halafu naye aseme lake. Mnakubali?"

Wote wawili walitikisa kichwa kukubali, kila mmoja akiangalia ukuta wake.

"Nani aanze?"

"Yeye," walisema pamoja.

"Basi aanze aliyechoka zaidi."

Gunia likatua nje. Mama akakunja mikono yenye unga.

"Naamka kabla ya jogoo. Nakanda mpaka mabega yanawaka. Nikimpelekea mikate, inarudi makaa. Na wateja wananitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliye mbele. Yeye amejificha nyuma na moto wake."

"Nimejificha?" Mjomba alisema.

"Bado," Bibi Kengele alisema. "Umesikia nini?"

"Nimesikia ananitukana."

"Hilo umelihisi. Nakuuliza amesema nini."

Mjomba alijikuna kidevu. Ilikuwa dhahiri kwamba kubeba gunia la unga kungekuwa rahisi kuliko hilo. "Amesema amechoka," alisema polepole. "Amesema mimi nikiunguza mikate, aibu anaipata yeye, kwa kuwa ndiye anayeonekana."

"Ndivyo?" Bibi alimuuliza Mama.

"Ndivyo." Mabega ya Mama yalishuka kidogo. "Sikudhani kama anajua."

Ikawa zamu ya Mjomba. Alianza kwa kuni zilizolowa, akapita kwa marehemu baba yao, akafika alikokuwa anakwenda. "Siku ile uliwachekesha watu kwa mgongo wangu. Mchoma mkaa. Mpaka watoto wa mtaani wakaniita hivyo. Neno hilo ungeniambia pale kidirishani, tu wawili, ningelimeza. Uliniambia mbele ya watu."

"Anasema kuni zilikuwa zimelowa," Mama alirudia.

"Sikusema hivyo."

"Umesema."

"Nilisema, lakini silo."

"Jaribu tena," Bibi alisema.

Mama alijifuta unga mikononi. Alipofungua mdomo, sauti yake ilikuwa imebadilika. "Anasema nilimwaibisha mbele ya wateja. Ndiyo maana alipigilia ubao. Hakutaka kunisikia tena."

"Hilo," Mjomba alisema.

Nje honi ililia. Chiriku alichungulia. Zilibaki safu za mwisho za magunia, na utingo alikuwa anafanya kazi kama anayefukuzwa na nyuki.

"Sasa tuje kwenye mkate," Bibi Kengele alisema bila haraka. "Kila mmoja aseme anachofanya yeye. Anachofanya mwenzake tukiache."

"Ilipotoka mikavu, niliongeza maji," Mama alisema. "Ikaanza kuungua. Nikaongeza maji tena, isikauke. Mpaka leo naongeza."

"Rudia," Bibi alimwambia Mjomba.

"Anasema mikate ilikauka, akaongeza maji. Ikaungua, akaongeza..." Alikatika. Akamgeukia dada yake kwa mara ya kwanza. "Unaongeza maji kwa sababu ya moto wangu?"

"Kwa sababu gani nyingine?"

"Mimi naongeza moto kwa sababu ya maji yako. Mkate umelowa, hauivi ndani, natia kuni. Hauivi, natia tena."

Walitazamana. Chiriku aliona jambo hilo likiwaingia wote wawili kwa pamoja: kila mmoja alikuwa akirekebisha kosa la mwenzake kimyakimya, na kila rekebisho lilizaa kosa kubwa zaidi. Kidirisha kingekuwa wazi, wangemaliza kwa sentensi moja.

"Lakini ulisema utapunguza maji," Mjomba alisema.

"Mimi? Sijasema. Wewe ndiye uliyesema utapunguza moto."

"Sijawahi kusema hivyo."

Wakamgeukia Chiriku. Bibi Kengele hakumsaidia kwa neno wala kwa jicho. Chiriku alisimama, kwa sababu akiwa amekaa sauti haikutoka.

"Ni mimi. Mama hakuahidi na Mjomba hakuahidi. Mlinipa maneno makali, nikayabadilisha. Nilimwambia kila mmoja kwamba mwenzake amekubali." Alimtazama Mama, kisha Mjomba. "Mkaitana waongo. Mwongo nilikuwa mimi."

Mama alinyanyuka nusu. Bibi Kengele aliinua kiganja, na Mama akarudi kwenye kreti.

"Ulitaka nini, mjomba wangu?" Mjomba aliuliza, akimwita kwa jina la undugu kama alivyomwita alipokuwa mdogo.

"Nilitaka msigombane."

Hapo ilisikika sauti ya dereva mlangoni. "Mzee, gunia la mwisho limeshuka. Naondoka na wewe, au na kasia peke yake?"

Mjomba alinyanyuka, kama alivyosema. Alipita katikati yao, akatoka. Mama aliangalia mikono yake. Chiriku alisikia hatua zikienda mpaka kwenye lori, akasikia mazungumzo ya chini chini, kisha injini ikinguruma. Hakuthubutu kutazama. Alisikia lori likiondoka, likapinda kona, likafifia.

Halafu akasikia mpini ukikwaruza kizingiti.

"Hiki kizingiti kifupi," Mjomba alisema, "iko siku nitakipunguza kwa msumeno. Chiriku, umekaa tu? Moto unazimika. Lete kuni kavu, zile za chini."

"Hatujamaliza," Bibi Kengele alisema. "Hasira imepungua, lakini kesho mtakanda tena. Mtafanyaje?"

Walipanga palepale. Mama alisema hataongeza maji bila kumwambia kaka yake, na akiwa na neno la kumkosoa atamwambia wakiwa wawili. Aliongeza, bila kuambiwa, "Na wateja nitawaambia nilikosea." Mjomba alisema ubao utatoka, na moto hataugusa bila kusema. Wakakubaliana kwamba kila asubuhi mkate wa kwanza wataupasua pamoja, waangalie ndani, ndipo waendelee. Chiriku atabeba trei kama kuna haja. Maneno hatabeba tena.

Mjomba aling'oa ubao kwa nyundo, na vumbi la unga likaruka pande zote mbili. Mkate wa kwanza ulitoka haujawa mzuri sana, lakini ulikuwa mkate. Waliupasua kidirishani.

"Maji bado kidogo," Mjomba alisema.

"Nimeona. Na moto?"

"Nimeona."

Bibi Kengele alipokuwa akiondoka alimsimamisha Chiriku mlangoni. "Ulikuwa na nia njema," alimwambia. "Nia njema ikipita kwenye uongo hufika imeoza. Watu wakigombana kazini, usiwabebee maneno, hata yawe matamu namna gani. Waketishe, kila mmoja amsikie mwenzake mpaka mwisho, na kama hawataki usiwalazimishe. Watakaofanya kazi pamoja kesho ni wao, kwa hiyo njia ya kutokea waitafute wao. Umesikia nini?"

Chiriku alirudia. Alikosea mara moja, akarudia tena.

"Ndicho nilichosema," Bibi alijibu. "Sasa kaniletee mkate mwingine. Lile tofali nimempa kuku, amenitazama vibaya."

Mjomba alibaki kwenye tanuri hilo miaka mingi. Yeye na Mama waligombana tena mara kwa mara, kidirishani, kwa sauti ambayo wateja hawakuisikia. Dereva alimpata mchomaji mwingine wa kumpeleka kwenye tanuri la ule mji, na aliendelea kuleta unga na kupiga honi bila sababu. Bibi Kengele alihamia kwa binti yake miguu ilipoanza kumsumbua. Kila lori lilipokwenda upande huo alipelekewa mkate. Chiriku alimaliza shule, akafanya kazi katika karakana ya maseremala, na wafanyakazi wenzake wakamchagua kuwa msuluhishi wao. Kizingiti hakikupunguzwa. Ubao wa kidirishani ulipasuliwa kuwa kuni, ukachoma mikate ya Jumapili.